Kisanduku cha Herufi

Miaka thelathini na mmoja nilipanga herufi za risasi
katika kiwanda cha chapa, hapa Lira, nyuma ya soko,
mojamoja, kinyumenyume, kwa vidole vyeusi.
Najua neno ni nini:
herufi zilizokubali kusimama foleni.

Mwezi wa tatu nikateleza bafuni, mfupa wa paja ukakatika.
Wiki saba juu ya godoro, nikihesabu misumari ya dari.
Siku niliyoketishwa, Okwir, kijana wa viungo,
alizungusha utepe pajani, akatikisa kichwa:
"Sentimita sita, mzee, hazipo."
Nani kaziiba?
"Umezila mwenyewe."

Akaeleza. Mafuta yana ghala, yakizidi hujaa kiunoni.
Sukari ina kijighala kwenye ini, kingine msulini.
Lakini asidi amino hazina stoo; zote ziko kazini.
Mfupa ukiomba kuungwa, damu ikidai yake,
na wewe huli, umelala,
mwili hushika nyundo ukaenda pajani.

Nikacheka mpaka mshono ukauma.
Hivyo hivyo tulivyofanya sisi!
Herufi zikituishia usiku,
tulibomoa ukurasa wa harusi ya jana
tuchape tangazo la msiba wa leo.

Ni ishirini, alisema. Kumi na moja
mwili hujichongea wenyewe.
Tisa hazichongeki: ama ziingie mdomoni
ama kazi isimame.
Kusimama huko nakujua.
Mwaka fulani M zilipokwisha kisandukuni,
Kiswahili chote kililemaa:
mtu akawa *tu*,
mama akabaki *aa*,
na mlo, mlo wenyewe, ukawa *lo!*

Mbaazi zina lisini tele, methionini kiduchu.
Ufuta una methionini, lisini ndiyo shida.
Amuge mke wangu hajui majina hayo,
wala hakumngoja Okwir amfundishe.
Anasaga odii kwenye jiwe la marehemu mama yake,
anaimwagia mbaazi zilizopondwa, inanuka nyumba nzima,
na ugali wa ulezi pembeni, mweusi kama wino.
Jumamosi, mukene kutoka Kyoga, na macho yao yote.

Mpwa wangu Odur, mwenye kifua kama mlango wa benki,
alileta kopo la unga kutoka Kampala,
picha ya jitu juu yake. Yeye hunywa vijiko vinne,
asubuhi, jioni, hata akiwa hakuinua kitu.
Okwir alimwambia kwa upole:
kinachozidi, ini hukivua naitrojeni,
huigeuza urea, figo huisukuma nje;
kilichobaki huchomwa kama kuni, au huwa kitambi.
"Yaani nakojoa pesa?"
Hakuna aliyemjibu. Amuge alikuwa anatazama kopo,
jinsi kifuniko chake kinavyobana vizuri. Lina chumvi sasa.

Ila lipo moja la uzee, sikulipenda.
Lusini ndiyo mpiga hodi: hufika msulini, hubisha,
mafundi huamka waanze kujenga.
Kwa kijana, hodi moja inatosha.
Msuli wangu, alisema, umeanza uziwi.
Basi bakuli lijae, tena asubuhi,
si chai ya rangi na kipande cha muhogo,
na paja litikiswe ili lisikie:
kaa, simama, kaa, simama,
mara kumi, bila kushika meza.

Nimeshika meza. Nimedanganya hesabu.
Siku nyingine sita niliita kumi,
na Amuge akaandika kumi ukutani kwa mkaa,
akijua.

Jana alianika ufuta uani, juu ya mkeka.
Nikiwa kitini, na gazeti, nikitafuta makosa ya chapa
(ugonjwa huu hauponi),
kuku wa jirani akaingia, akaanza kudonoa.
Nilikuwa katikati ya ua, kandambili mkononi,
kuku yuko juu ya ua, manyoya yanaelea,
ndipo nikakumbuka kwamba nina mguu.

Amuge alikuwa mlangoni, unga hadi viwikoni.
"Hiyo," akasema, "siiandiki.
Rudi ukae. Bado tisa."